Siku zikipitiliza: Maswali ya kuuliza kabla ya kumeza kidonge cha ‘kurudisha hedhi’

Na Mwandishi Wetu, Kidatu

MWANAMKE anayefika kwenye duka la dawa na kusema kwamba siku zake zimepitiliza huwa ametamka jambo lenye maana mbili. Huenda hedhi imechelewa kweli na hajui sababu. Huenda pia anajua, au anahofia, kwamba ana mimba, lakini hataki kulitaja neno hilo mbele ya watu waliosimama nyuma yake.

Muuzaji naye anaweza kuelewa lolote kati ya hayo mawili. Akikosea, au akiamua kutouliza, kidonge anachokitoa huweza kuwa cha tatizo ambalo mteja wake hana. Ndiyo maana “dawa ya kurudisha hedhi”, au “dawa ya kushusha siku” kama wengine wanavyoiita, ni miongoni mwa dawa zinazoombwa kwa jina lisiloeleza lolote.

Katika mji mdogo wa Kidatu, mkoani Morogoro, suala hili lina uzito wake. Kidatu ni lango la Bonde la Kilombero. Hapa kuna kituo cha umeme wa maji cha megawati 204 katika Mto Ruaha Mkuu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, stesheni ya reli ya TAZARA, na mashamba makubwa ya miwa ambayo kila msimu wa mavuno huwavuta vibarua kutoka mikoa mingine. Wanawake wengi wa bondeni huhamia mashambani wakati wa kilimo cha mpunga, mbali na zahanati.

Kutoka hapa hadi Ifakara, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, ni takriban kilomita 67 kwa barabara. Kwa mwenye shida asiyotaka ijulikane, duka la dawa lililo jirani huwa ndilo mlango wa kwanza, na mara nyingine ndilo la mwisho.

Serikali ililitambua jambo hilo mapema. Mwaka 2003 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilianzisha mkoani Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, yanayojulikana kwa kifupi kama DLDM, ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Baadaye mpango huo ulienea katika mikoa mingine, Morogoro ukiwamo. Watoa dawa katika maduka hayo hupewa mafunzo, huwa na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza, na wana wajibu wa kumwelekeza mgonjwa kituo cha afya pale tatizo linapowazidi. Tangu mwaka 2019 udhibiti wa dawa nchini uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Makala haya yanaeleza kwa nini hedhi huchelewa, vidonge vinavyotumika kuileta hufanya kazi gani, na kwa nini swali moja lazima lijibiwe kabla ya kumeza kimojawapo.

Hedhi hutokeaje?

Watu wengi huiona hedhi kama uchafu ambao mwili lazima uutoe kila mwezi. Kutokana na imani hiyo, mwanamke asiyeiona huhofia kwamba damu inajaa tumboni na kwamba isipotolewa itamdhuru. Sivyo mwili unavyofanya kazi.

Kila mwezi tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutuma vichocheo, yaani homoni, kwenda kwenye ovari. Ovari hulipevusha yai, na wakati huohuo hutoa kichocheo kiitwacho estrojeni ambacho huujenga na kuunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Yai likishatoka, ovari hutoa kichocheo cha pili, projesteroni, ambacho huutayarisha utando huo kupokea mimba.

Mimba isipotungwa, projesteroni hushuka baada ya takriban wiki mbili. Kushuka huko ndiko husababisha utando ubomoke na kutoka pamoja na damu. Mimba ikitungwa, projesteroni haishuki, utando haubomoki, na hedhi haionekani.

Kwa hiyo hedhi isipotokea, kwa kawaida hakuna damu iliyofungiwa ndani. Utando haukujengwa, au haukupata ishara ya kubomoka. Hali ya pekee ni ya msichana ambaye hajawahi kuona damu hata mara moja lakini kila mwezi huumwa tumbo. Huyo anaweza kuwa na utando uliozaliwa nao unaoziba njia, na anahitaji kuonwa na daktari.

Imechelewa kuanzia lini?

Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya kuona damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa mwanamke mtu mzima, mzunguko wa kati ya siku 21 na 35 huhesabiwa kuwa wa kawaida. Aliyezoea siku 28 akifikisha 31 hajapatwa na ugonjwa. Yai huweza kuchelewa kupevuka kwa siku kadhaa kwa sababu ya homa, safari au msongo wa mawazo.

Msichana aliyevunja ungo karibuni huweza kuruka miezi katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Mwanamke aliyevuka miaka 40 naye huweza kuanza kuona mabadiliko kabla hedhi haijakoma kabisa.

Madaktari hushauri uchunguzi ufanyike pale aliyekuwa na mzunguko unaoeleweka anapokaa miezi mitatu bila kuona siku zake, au miezi sita kwa yule ambaye mzunguko wake haukuwa na mpangilio. Msichana aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo anapaswa pia kuchunguzwa.

Muda huo, hata hivyo, unahusu ugonjwa. Kuhusu mimba hakuna haja ya kusubiri miezi mitatu.

Swali la kwanza ni mimba

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa na aliyekutana na mwanaume, sababu ya kwanza ya kufikiriwa hedhi inapochelewa ni mimba. Haijalishi kama anatumia vidonge vya majira, kama ananyonyesha, au kama “ilikuwa mara moja tu”.

Kipimo cha mkojo hutambua kichocheo kinachotolewa na mimba yenyewe. Kinaweza kutumika kuanzia siku ambayo hedhi ilitarajiwa, na mkojo wa asubuhi ndio unaofaa zaidi. Kikionyesha hakuna mimba na bado siku hazionekani, kirudiwe baada ya wiki moja, kwa sababu huenda kilifanywa mapema mno. Kipimo hiki huuzwa kwenye maduka ya dawa na gharama yake ni ndogo.

Ni muhimu pia kujua kwamba kuona damu kidogo si ushahidi wa kutokuwa na mimba. Wapo wanaotokwa na damu katika wiki za mwanzo na mimba ikaendelea. Wapo pia ambao damu hiyo ni dalili ya mimba iliyotungwa nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija. Mimba ya namna hiyo hutokea kwa takriban mwanamke mmoja au wawili kati ya kila wajawazito 100. Haiwezi kukua hadi kuzaliwa, na mrija ukipasuka damu huvujia tumboni na mwanamke huweza kufa ndani ya saa chache.

Kwa mkazi wa Bonde la Kilombero, ambako malaria ni ugonjwa wa kila mwaka, kujua mapema kama ana mimba kuna faida nyingine. Dawa ya SP ya kuwakinga wajawazito dhidi ya malaria huanza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, kuanzia wiki ya 13. Kuhusu tiba, mwezi Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza dawa ya mseto ya artemether na lumefantrine itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza. Mganga huchagua dawa kwa kuzingatia umri wa mimba. Asipoambiwa kwamba siku zimepitiliza, atamtibu kama mtu asiye na mimba.

Kama si mimba, ni nini?

Sababu inayoongoza kwa kuwatia wanawake wasiwasi usio wa lazima ni njia za uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu huzuia yai kupevuka na huufanya utando wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba. Baada ya mwaka mmoja wa kuitumia, takriban nusu ya wanawake huwa hawaoni hedhi kabisa. Hilo ni tokeo la kawaida la dawa na halina madhara kwa kizazi.

Baada ya kuacha sindano, rutuba hurudi taratibu. Kwa wastani huchukua takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho hadi mwanamke kushika mimba, na wapo wanaochukua muda mrefu zaidi. Wengi hawaambiwi hivyo wanapochomwa, na ndio wanaorudi dukani kutafuta dawa ya “kusafisha”. Kwa watumiaji wa vijiti vya mkononi, takriban mmoja kati ya watano huacha kuona siku zake.

Elimu ya jambo hili imewahi kupelekwa hadi milangoni mwa watu katika bonde hili. Mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, ilianza kupeleka wahudumu wa afya ya jamii walioitwa WAJA katika vijiji vya wilaya za Kilombero, Ulanga na Rufiji, chini ya mradi wa Connect. Uzazi wa mpango ulikuwa sehemu ya kazi zao.

Sababu ya pili ni kunyonyesha. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa yake pekee, usiku na mchana, ambaye mtoto hajatimiza miezi sita na ambaye hedhi haijarudi, ana kinga dhidi ya mimba kwa asilimia 98. Sharti moja kati ya hayo matatu likivunjika, kinga hiyo haitegemeki tena, na yai la kwanza huweza kupevuka kabla hajaona damu yoyote.

Sababu ya tatu ni njaa, kukonda kwa ghafla, kazi nzito na huzuni kubwa. Mwili unapokosa akiba ya kutosha, ubongo husitisha kwanza shughuli za uzazi. Magonjwa ya muda mrefu kama kifua kikuu, hasa yasipotibiwa, huweza kuleta hali hiyohiyo.

Zipo pia hitilafu za vichocheo. Inayojulikana zaidi ni ile ambayo ovari huwa na vifuko vingi vidogo vyenye maji. Huambatana na chunusi, ndevu, kuongezeka uzito na hedhi inayokuja kwa nadra. WHO imewahi kukadiria kwamba huwapata kati ya asilimia nane na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajui. Matatizo ya tezi ya shingo nayo huvuruga mzunguko, kama yanavyofanya maziwa yanayotoka kwa mwanamke asiyenyonyesha. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, zikiwamo haloperidol na risperidone, husababisha hali hiyo ya pili.

Kwa aliyewahi kutokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha akakosa maziwa na hedhi isirudi, daktari hushuku kwamba tezi iliyo chini ya ubongo ilikosa damu na kuharibika. Kwa aliyewahi kusafishwa kizazi, hasa baada ya mimba kuharibika na kuambatana na maambukizi, kuta za mfuko wa uzazi huweza kushikana kwa makovu. Mwanamke huyo hataona hedhi hata akimeza vidonge vya duka zima.

Vidonge vilivyo nyuma ya kaunta

Kinachoitwa kwa jina moja la dawa ya kurudisha hedhi ni angalau makundi manne yanayofanya kazi tofauti kabisa.

Kundi la kwanza ni dawa zinazofanana na projesteroni, kama norethisterone, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Primolut N, na medroxyprogesterone ya vidonge. Hizi ndizo madaktari huziandika kwa ajili ya hedhi iliyochelewa, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mimba. Humezwa kwa siku chache, kwa kawaida kati ya tano na 10, kisha huachwa. Kichocheo kinaposhuka, utando hubomoka na damu huonekana, mara nyingi ndani ya wiki moja.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kidonge hichohicho huzuia hedhi wakati kinapoendelea kumezwa. Ndiyo maana wasafiri wa Hija huandikiwa norethisterone ili wasiingie katika siku zao. Damu huja baada ya kukiacha kidonge. Mwenye haraka anayeendelea kumeza kila siku akisubiri damu huwa anaizuia yeye mwenyewe.

Dawa hii haitoi mimba. Aliye na mimba akiimeza haoni damu, na anachopoteza ni muda. Wiki mbili au tatu hupita akiamini kwamba anatibiwa. Asiye na mimba ambaye naye haoni damu huwa amempa daktari taarifa muhimu: huenda mwili wake hauna estrojeni ya kutosha, au mfuko wa uzazi una makovu. Mwenye saratani ya matiti, historia ya damu kuganda katika mishipa, ugonjwa mkali wa ini au damu ya ukeni isiyojulikana chanzo hapaswi kupewa dawa hii bila uamuzi wa daktari.

Kundi la pili ni vidonge vya majira. Daktari huweza kuvitumia kurekebisha mzunguko. Damu inayoonekana katika wiki ya vidonge visivyo na dawa hutokana na kushuka kwa vichocheo. Kumeza vidonge vingi vya majira kwa mkupuo ili kushusha siku huleta kichefuchefu na kutapika, na hakutoi mimba.

Karibu na hivyo kuna vidonge vya dharura, maarufu kama P2. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisipevuke, na humezwa mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72 baada ya tendo. Mimba ikishatungwa, P2 haina inachofanya. Kwa kweli yenyewe huweza kuwa sababu ya hedhi kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa. Ucheleweshaji ukizidi wiki moja, apime mimba.

Kundi la tatu ni misoprostol, na hapa ndipo maana ya pili ya kupitiliza siku inapoingia. Dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo na kuingia sokoni katika miaka ya 1980. Kwa kuwa huufanya mfuko wa uzazi ujikaze, leo ni miongoni mwa dawa zinazookoa maisha ya wazazi wanaotokwa na damu baada ya kujifungua, na hutumika pia kutibu mimba iliyoharibika. WHO imeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu.

Misoprostol haina kazi ya kurekebisha hedhi. Inapouzwa kwa siri kama dawa ya kurudisha siku, hutolewa bila kujua umri wa mimba, bila kujua kama mimba iko ndani au nje ya mfuko wa uzazi, na bila maelezo ya nini cha kufanya damu ikizidi. Mimba iliyo kwenye mrija haitoki kwa dawa hii. Mwanamke huona damu, huamini mambo yamekwisha, na mrija huendelea kutanuka. Mimba isipotoka na ikaendelea kukua, mtoto ana hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za neva za uso na viungo.

Kundi la nne ni la kienyeji. Hutajwa majani ya muarobaini, chai iliyokolea, majivu, bluu ya kufulia, sabuni ya unga, na kumeza kwinini au klorokwini kwa wingi. Klorokwini iliyozidi huweza kusimamisha moyo ndani ya muda mfupi. Kwinini iliyozidi hushusha sukari mwilini, huharibu mapigo ya moyo na huweza kupofusha macho. Sumu hizo humfikia mwanamke kabla hazijafikia mimba.

Funzo kutoka Uingereza

Fikra kwamba kidonge cha homoni kinaweza kujibu swali la mimba si ya Kidatu wala ya Tanzania pekee. Kati ya mwaka 1958 na 1978 madaktari wa Uingereza waliwapa wanawake waliopitiliza siku zao vidonge viwili vilivyoitwa Primodos, vya kampuni ya Schering ya Ujerumani. Ndani yake kulikuwa na norethisterone na aina ya estrojeni. Damu ikitoka, ilimaanisha hakuna mimba. Isipotoka, mimba ipo.

Mwaka 1967 Dk. Isabel Gal alichapisha taarifa iliyohoji kama vidonge hivyo vilihusiana na watoto waliozaliwa na kasoro. Mabishano ya kisayansi yamedumu tangu hapo. Jopo la wataalamu la mwaka 2017 lilisema ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha kwamba Primodos ilisababisha kasoro hizo. Tume iliyoongozwa na Julia Cumberlege ilisema katika ripoti yake ya Julai 2020 kwamba vidonge hivyo vilipaswa kuondolewa tangu mwaka 1967, na serikali ya nchi hiyo iliwaomba radhi walioathirika.

Jambo lisilobishaniwa ni kwamba kipimo cha mkojo kilikuwapo wakati ule, na hakikuhitaji mwanamke kumeza chochote. Leo kipimo hicho kinapatikana Kidatu.

Sheria inasemaje?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaharamisha utoaji mimba. Kifungu cha 150 kinatoa adhabu ya hadi miaka 14 jela kwa mtu anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, na kifungu cha 151 hadi miaka saba kwa mwanamke anayejitoa mimba mwenyewe. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kusudi hilo. Adhabu yake ni hadi miaka mitatu.

Muuzaji aangalie maneno ya vifungu vya 150 na 152: kosa huwepo hata kama mwanamke hakuwa na mimba. Kusema “niliuza dawa ya kurudisha hedhi” si kinga. Kwa upande mwingine, kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama.

Makatazo hayo hayajaliondoa tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na wataalamu wa Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ulikadiria kwamba mwaka 2013 zilitolewa mimba 405,000 nchini, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitalini kutokana na madhara yake.

Kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yoyote ile, ni kazi halali ya hospitali. Huduma hiyo imo katika miongozo ya Wizara ya Afya. Anayetokwa na damu asibaki nyumbani kwa hofu, na amweleze mganga ukweli wa alichomeza, kwani tiba hutegemea hilo.

Kwa wanafunzi, hofu ya kufukuzwa shule ilikuwa miongoni mwa sababu za kukimbilia vidonge vya siri. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali baada ya kujifungua. Mzazi mwenye binti anapaswa kulijua hilo kabla binti hajalihitaji.

Dalili zisizosubiri

Mwanamke aliyepitiliza siku zake anapaswa kupelekwa hospitali mara moja, hata kama ni usiku, akiwa na maumivu makali ya tumbo hasa upande mmoja, maumivu ya ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia. Vivyo hivyo kwa anayetokwa na damu inayojaza pedi mbili kubwa kwa saa kwa muda wa saa mbili mfululizo, mwenye homa, au anayetokwa na uchafu wenye harufu mbaya.

Asiye na dalili hizo ana nafasi ya kufuata utaratibu. Aandike tarehe ya mwisho aliyoona damu. Apime mkojo, na arudie baada ya wiki moja ikibidi. Akumbuke kila dawa anayotumia, pamoja na sindano ya uzazi wa mpango aliyochomwa mara ya mwisho. Kisha aende zahanati au kituo cha afya akiwa na majibu hayo mkononi.

Mtoa dawa naye ana maswali matatu ya kuuliza kwa sauti ya chini, pembeni ya kaunta, kabla hajagusa rafu: mara ya mwisho uliona siku zako lini, umepima mimba, na unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Maswali hayo huchukua dakika mbili. Kwa mwanamke ambaye mimba yake iko kwenye mrija, na aliyekuja kuomba kidonge tu, dakika hizo mbili zinaweza kuwa ndizo zitakazomfikisha chumba cha upasuaji akiwa hai.